Ingrid Bergman akitafuta makaratasi

Watu wa mashirika wakimtaja Ingrid Bergman, wanataja Casablanca (1942). Sikatai, ni filamu nzuri. Watu wamekwama mjini wakisubiri makaratasi ya kwenda Lisbon. Hata baadhi ya waigizaji walikuwa wakimbizi kweli: Madeleine Lebeau, yule msichana anayelia wimbo wa taifa wa Ufaransa ukiimbwa, aliwakimbia Wajerumani mwaka 1940. Lakini Bergman mwenyewe humo namwona msafi mno. Nguo haina hata mkunjo, na mwisho anapanda ndege. Sisi tunajua ndege hiyo inapitaga mbali.

Mimi nashika Stromboli (1950), ya Mwitaliano Roberto Rossellini. Humo Bergman ni Karin, mkimbizi wa Lithuania, yuko kambini Italia. Anaomba visa ya Argentina, anahojiwa, ananyimwa. Basi anaolewa na mvuvi aliyekuwa akiongea naye kupitia seng'enge, ili tu atoke. Kumbe anapelekwa kisiwa chenye volkano, mawe meusi, na wanawake wasiotaka hata kumkaribia.

Hapo ndipo uigizaji wake ulinishika. Karin ana dharau. Anamfokea mume, anawaona wenyeji si kitu, na Bergman haombi tumhurumie. Filamu nyingi juu ya wakimbizi zinatutaka tuwe wapole, tushukuru kila kitu. Huyu hashukuru, na bado unaona amebanwa. Mwisho tu ndio dhaifu: anapanda mlima na mimba yake, anamlilia Mungu, imeisha. Nilihisi Rossellini alichoka, akamwachia Mungu kazi.

Bergman naye alizaa na Rossellini akiwa bado mke wa mtu, na seneta mmoja akamshambulia mbele ya Seneti ya Marekani. Hollywood ikakaa naye mbali mpaka Anastasia (1956). Yale yale: mwanamke hana makaratasi, wakubwa wanamhoji kama kweli ni yeye. Hiyo ikampa Oscar ya pili.

Tulipoonyesha Stromboli kituo cha vijana, wavulana walicheka Karin alipokubali kuolewa. Wasichana hawakucheka. Ndoa za hivyo ziko hapa, tusidanganyane. Mmoja wao, simtaji, aliuliza kama yule mvuvi alijua kwa nini amekubaliwa. Akaomba turudishe kipande cha seng'enge. Tukakirudisha mara mbili.