Shujaa wa Gitaa Asiyefika Kapkatet

Kila mabishano yakianza kuhusu nani mkali wa gitaa, huwa yanaishia kwenye spidi. Nani ana vidole vyepesi, nani alipiga solo ndefu hadi watu wakasahau bia zao. Sawa. Lakini basi mniambie Chemirocha tunamweka wapi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita huku kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, akaondoka na nyimbo tatu zenye jina hilo moja. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Santuri zake zilifika mpaka huku kwenye majani chai, jina likapita kwenye ulimi wa Kikipsigis, likakaa vizuri kabisa kando ya Chebet na Cherono.

Na Rodgers, tuseme ukweli, hakuwa fundi wa ajabu. Besi, mkwaruzo, besi tena. Ukitaka ufundi nenda kwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, usikilize “Masanga” ya 1952: kidole gumba na cha shahada tu, na bado utaapa wapigaji ni wawili. Huyo ni mkali kwa kipimo chochote, sina ugomvi.

Ila rekodi ninayoirudia usiku ni Chemirocha ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Hakuna gitaa ndani. Kuna kinubi cha kwetu, chepkong, kinazunguka palepale bila haraka, na sauti za wasichana zinakuja juu yake kama watu wanaopeana siri wakicheka. Hawamuigi Rodgers hata kidogo. Wamechukua jina lake na ule mshangao wa sauti kufika bila mwenyewe, wakautengeneza upya kwa ala waliyokuwa nayo. Kama huo si ubunifu, sijui neno hilo lina kazi gani.

Maelezo ya Tracey yanasema Chemirocha alikuwa nusu mtu, nusu swala. Wageni wengi wameishikilia hiyo sehemu: wasichana wa kijijini wamesikia gramafoni, wakadhani ni jini. Mimi hainiingii. Kwa maelezo hayohayo, wasichana wanamwita aje aruke ngoma mpaka nguo zimtoke! Nani humwambia hivyo jini anayemwogopa? Huo ni utani, bana, tena wa wasichana wanaojua wanachofanya. Ukisoma wimbo kama ushamba, umewanyang'anya kazi yao.

Baadaye Kericho ilipata Chandarana, duka na studio, na Kipchamba arap Tabotuk akaja na gitaa lenyewe na bendi yake ya Koilonget. Wazee wa huku humtaja kwanza kabla hujamaliza swali. Nikimsikiliza, sisikii mtu anayekimbizana na Nairobi wala Kongo. Nasikia nyuzi zikizunguka palepale, bila haraka, na mimi hiyo nimeshaisikia kwenye chepkong.