Diski Imejaa: Nani Kachukua Nafasi?

Mpiga video za harusi wa Rubona, kando ya Ziwa Kivu, akiona alama ya diski C imegeuka nyekundu, hufungua folda moja baada ya nyingine akimsaka mlaji. Atachoka bure. Orodha ya Windows huonyesha ukubwa wa faili, si wa folda, hivyo folda yenye maelfu ya picha ndogo humpita bila kushtukiwa.

Mwaka 1990, Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alikutana na shida hiyohiyo. Diski ya maabara yake, yenye megabaiti 80 na watumiaji 14, ilikuwa imejaa. Alijaribu kuchora folda kama matawi ya mti, lakini mchoro ukapanuka kupita skrini. Ndipo akageuza hesabu: skrini nzima iwe ndiyo diski. Aliigawa kwa mistari ya wima kulingana na ukubwa wa folda kuu, kila kipande akakigawa kwa mistari ya mlalo, kisha wima tena, hadi kufikia faili. Anayekula nafasi kubwa huonekana papo hapo, hata akijificha ndani ya folda ya kumi.

Dosari ilikuwa umbo. Vipande viliishia vyembamba kama mashamba ya milimani yaliyogawiwa warithi vizazi kadhaa, na kuvilinganisha kwa macho kukawa kazi. Mwaka 2000, watafiti Bruls, Huizing na van Wijk wa Eindhoven, Uholanzi, walionyesha namna ya kuvipanga vikaribie mraba. WinDirStat, programu ya bure, ni ya ukoo huo.

Iendeshe kwa ruhusa ya msimamizi, la sivyo baadhi ya folda hazitahesabiwa. Bofya kipande kikubwa kuliko vyote, usome kinatoka wapi. Ukikuta hiberfil.sys, faili hiyo huhifadhi hali ya kompyuta inapolala kabisa (hibernate). Amri ya powercfg /h off huiondoa. Folda ya mfumo iitwayo WinSxS usiiguse kwa mkono: faili zake nyingi huenda zikahesabiwa mara mbili, na Windows inazitegemea.

Mchoro huu wa vipande hupima ukubwa tu, haijui thamani. Kwa mpiga video wetu, kipande kikubwa huenda kikawa harusi ambayo mteja hajaichukua. Hiyo ihamishiwe diski ya nje. Cha kufuta ni faili za muda za programu ya kuhariri.