Mkono Juu ya Fida

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis, na mashine zake za kurekodi. Desturi yake ilikuwa kushika mikrofoni mkononi na kusawazisha sauti kwa kuisogeza: karibu na mwimbaji maneno yanapoanza, kisha karibu na chepkong, kinubi cha wenyeji, nyuzi zinapojibu. Wasichana wa huko wakamwimbia Chemirocha, wimbo uliochukua jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi vijijini. Rekodi hiyo inatunzwa katika ILAM, hifadhi ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini, na nakala zake zimesharudishwa kwa wenyewe Kapkatet. Ukiisikiliza leo, sauti za wale wasichana na nyuzi za kinubi kila moja iko mahali pake, wala hakuna aliyezipanga baadaye. Zilipangwa palepale, kwa mkono na sikio.

Ndiyo maana kijana wa Litein au Silibwet anayefungua studio chumbani kwake akiniuliza miksa ya chaneli ngapi inatosha, mimi humrudisha kwenye mkono. Kazi ya kuchanganya sauti ni kazi ya mikono, na miksa ya analogi ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya hiyo mikono. Kompyuta inaweza kurekodi na kuchanganya yote, nami naitumia kila siku kuhifadhi na kukata. Lakini kwenye miksa kila kitu kina mahali pake pasipohama. Vidole viwili vinashusha kwaya huku kidole cha mkono mwingine kikipandisha mwimbaji, macho yako yakiwa kwa mwimbaji. Naye anajisikia kwenye hedifoni papo hapo, bila ule ucheleweshaji mdogo wa kompyuta unaomfanya mtu aimbe kwa woga.

Zamani studio nyingi zilipandisha na kushusha sauti kwa nobu kubwa za kuzungusha. Tom Dowd, fundi wa Atlantic Records kule New York, ni miongoni mwa waliozieneza fida za kusukuma, ili vidole viweze kushika chaneli kadhaa kwa pamoja. Watu wa benga wanajua thamani ya jambo hilo. Sikiliza Kipchamba arap Tapotuk na Koilong'et Band: mwimbaji akimaliza ubeti, gitaa la solo linachukua nafasi, na nafasi hiyo haisubiri. Fida ya milimita 100 inakupa mwendo wa kutosha kulipandisha gitaa bila kulirusha. Fupi za milimita 60 zinafaa pia, ila zinataka mkono mtulivu zaidi.

Kuliko hizo fida, naijali zaidi geini, ile nobu ya juu kabisa inayopokea mikrofoni. Yeyote aliyechuma majani chai anajua kwamba kiwanda hakiwezi kulirudishia ujana jani lililokomaa. Likifika pale kwenye mizani limekomaa, litatoka chai ya jani lililokomaa. Sauti iliyoingia na geini ndogo utalazimika kuipandisha mbele, na mvumo wa miksa utapanda nayo. Iliyoingia na geini kubwa mno imeshapasuka, wala huwezi kuishona. Kwa hiyo chaneli nane zenye geini safi ninazichagua mbele ya ishirini na nne zinazovuma. Kwaya ya kanisa hupokelewa vizuri na mikrofoni mbili zilizowekwa kwa akili. Anayehitaji kumi na sita ni yule mwenye bendi kamili, ngoma zikiwa na mikrofoni zake.

Unapoenda kununua miksa iliyotumika, iwe Luthuli Avenue jijini Nairobi au kwa kanisa linalobadilisha vyombo, nenda na hedifoni zako na mikrofoni moja unayoijua. Pandisha fida zote bila kuchomeka chochote, ongeza sauti, usikilize ukimya wake. Mvumo laini unaofanana kote ni wa kawaida. Chaneli moja ikikoroma peke yake, ina ugonjwa. Kisha sukuma kila fida polepole toka chini hadi juu. Mkwaruzo mdogo ni uchafu na unyevu, dawa ya kusafishia swichi itauondoa. Sauti ikikatika mahali palepale kila unapopita, njia ya ndani imelika. Mwisho sema maneno yaleyale kwenye kila chaneli, geini ikiwa mahali pamoja. Muuzaji mwema atakuachia muda.

Omba pia kuliona tumbo lake. Katika miksa nyingi kubwa za zamani kila chaneli ina bodi yake inayochomolewa, na fundi wa redio anaweza kuitengeneza moja huku nyingine zikifanya kazi. Katika nyingi za bei nafuu bodi ni moja chini ya zote, yenye vipuri vidogo kama punje za mchanga, na kuifungua ni kufungua kila nati iliyo juu. Sisi tulio mbali na maduka ya vipuri tulipe jambo hili uzito.

Halafu kuna nchi yenyewe. Vilima vya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Alasiri upepo wa Ziwa Viktoria unakutana na nyanda za juu, mvua inashuka, na chini ya mabati hakuna miksa itakayokuokoa na kishindo chake; rekodi asubuhi. Kichujio cha sauti nzito, kile kinachokata chini ya hertz 80 au 100, kitaondoa ngurumo ya lori la majani chai barabarani, lakini mvua hakiigusi.

Stima nayo ina wimbo wake wa hertz 50. Chagua miksa yenye viingilio vya kebo za nyaya mbili na ngao. Sauti husafiri kwenye waya mmoja ilivyo na kwenye wa pili ikiwa imegeuzwa, lakini kelele ya njiani huingia kwenye zote mbili sawasawa. Miksa inapougeuza tena ule wa pili na kuzijumlisha, kelele inajifuta na sauti inabaki. Ni ubunifu mzuri ajabu, nami sijachoka kuustaajabia. Hata hivyo hautafidia nyumba isiyo na waya wa ardhi. Kama bajeti yako ni finyu, punguza chaneli nne, umlipe fundi wa stima achimbie ule waya kwanza, na kinachobaki ununue stebilaiza.