Kulehemu si Kuchomelea

Katika tafsiri nyingi za ufundi tunakuta neno kulehemu likibebeshwa kila namna ya kuunga metali. Matumizi hayo hatuyaafiki. Kulehemu kwa asili ni kuunga kwa risasi au bati: kiungio huyeyuka, bali vipande vinavyoungwa haviyeyuki. Katika kuchomelea kwa umeme, cheche inayodumu huyeyusha hata kingo za vyuma vyenyewe, vikawa kitu kimoja. Fundi wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, asemaye kuchomelea yu sahihi kuliko mfasiri.

Dosari ya pili ni kuiita elektrodi "waya" na kuishia hapo. Elektrodi ya mkono ina kiini cha metali na ganda linalokinga kiungo dhidi ya hewa. E6013 na E7018 zote ni za chuma cha kaboni. Lakini E7018 sharti itunzwe kavu, kwani unyevu, ambao pwani haukosekani, huingiza haidrojeni na kiungo huweza kupasuka. Chuma cha kusubu aghalabu hutaka elektrodi ya nikeli. Mwongozo usiotaja hayo humwachia fundi kubahatisha.

Wilaya hiyo ndiyo inayopitiwa na bomba la gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Kiungo kibovu huko si jambo dogo.

Basi tunapendekeza: kulehemu libaki la risasi na bati, kuchomelea lisanifiwe, na elektrodi itajwe daima pamoja na namba yake na metali inayoifaa.