Methali ya Jembe na Mtoto Mkimbizi

Katika methali za Waswahili, ni chache zitajwazo mara nyingi kuliko ile isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, na wengi tangu hapo wameisoma kama onyo kwa mvivu. Usomaji huo si wa makosa, lakini ni mfupi. Methali haimsemi mgeni peke yake. Yamsema na mwenyeji pia, kwa kuwa jembe litajwalo ni lake, na shamba ni lake. Maana hii yaonekana wazi zaidi mgeni awapo mtoto aliyefukuzwa kwao na vita.

Kisa cha kuipimia kipo katika nchi ya Wabena. Si mbali na barabara itokayo Makambako kwenda Njombe pana Kidugala, mahali palipokuwa kituo cha wamisionari wa Kijerumani wa Berlin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kiingereza ilipafanya kuwa makazi ya wakimbizi wa Kipolandi. Watu hao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Serikali ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wakavuka kuingia Uajemi, na zaidi ya 10,000 kati yao wakaletwa Afrika ya Mashariki. Walio wengi walikuwa wanawake na watoto. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Kidugala ilikuwa mojawapo ya zile ndogo.

Katika makazi hayo shule zilifunguliwa upesi, na watoto wakafundishwa kwa lugha yao historia, dini na fasihi ya kwao. Jambo hilo lastahili sifa: mtoto aliyepoteza nyumba alirudishiwa kalamu. Lakini kwa kipimo cha methali, jembe alilopewa halikuwa la mwenyeji. Lilitoka kwao, na lilikusudiwa kulima shamba la kwao. Kisha, mwezi wa Februari 1945, wakuu watatu wa dunia walikutana Yalta, wakakubaliana kwamba sehemu ya mashariki ya Poland iwe ya Wasovieti. Wengi wa watoto hao hawakuwa tena na kijiji cha kurudia. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Na mtoto wa Kibena je? Shule za Tanganyika wakati ule zilitengwa kwa rangi. Aliyezaliwa pale hakuwa na nafasi katika darasa la wageni, na mgeni hakuwa na nafasi katika darasa lake. Hivyo mwenyeji wa kweli hakuulizwa kama ana jembe la kutoa. Naye mgeni alikaa miaka kadhaa pasipo kufika siku ya tatu.

Kisa cha pili chaonyesha kinyume chake. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao wakasoma mafunzo ya Tanzania, kwa Kiswahili. Hapo jembe lilikuwa la mwenyeji kwa maana zote mbili. Ilipofika mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia. Lakini katika kambi za Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, kanuni ikawa nyingine: mkimbizi akae kambini, na mtoto asome mafunzo ya nchi alikotoka.

Watetezi wa kanuni hiyo wana hoja nzito. Husema kwamba mtoto asiyejua masomo ya kwao atarudi akiwa mgeni mara ya pili, na kwamba lugha ya wazazi ikipotea haiokotwi. Wapolandi wenyewe ni ushahidi: nchi ilipowaponyoka, lugha waliyofundishwa kambini ndiyo iliyobaki mikononi. Hata hivyo hoja hiyo yadhani kwamba siku ya kurudi yajulikana. Mgeni wa kawaida huijua. Mkimbizi hapangi siku ya kwenda wala ya kurudi, na utoto haungoji mapatano ya wakubwa.

Hapa ndipo methali ilipo na upungufu, maana huhesabu siku za mgeni kana kwamba mwenyewe anazo. Lakini ndipo pia ilipo na hekima kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa. Haisemi mgeni aletewe jembe kutoka kwao, wala haisemi alime uani peke yake. Husema apewe jembe lililo nyumbani, alime pamoja na wenye nyumba. Kwa mtoto, jembe hilo ni darasa la mwenyeji, na lugha ya mama yake ikiwa na saa yake humo humo. Atakayerudi kwao atakuwa na akiba mbili. Asiyerudi hatakuwa mikono mitupu.

Leo Kidugala pana seminari ya Kilutheri na pana makaburi ya Wapolandi. Vijana wa nchi husoma mahali ambapo wenzao walisoma bila kujuana nao.