Namna ya Kupima Ubora wa Akuaponiki ya Mkono

Akuaponiki ni ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga katika mzunguko mmoja wa maji: samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, yaani mashavu ya kupumulia, na kupitia kinyesi, bakteria wanaoishi juu ya kokoto huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti na kisha nitrati, mimea huinyonya nitrati kama mbolea, na maji yaliyosafishwa kwa njia hiyo hurudi tangini. Mifumo mingi hutegemea pampu ya umeme isiyopumzika, ilhali mfumo wa mkono hutegemea mtu anayepampu mara chache kwa siku kisha akaendelea na shughuli zake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kigezo cha ubora, kwa kuwa mfumo wa mkono haupimwi kwa jinsi maji yanavyoruka mpini unapozungushwa, bali kwa jinsi unavyojimudu katika saa ambazo hakuna anayeugusa, hasa usiku.

Uwiano wa samaki na mboga

Kinachokaguliwa kwanza ni uwiano. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu akuaponiki ndogo, linapendekeza kilo 10 hadi 20 za samaki kwa kila lita 1000 za maji, na gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Kiwango hicho cha samaki kinafaa pale ambapo maji hutiwa hewa mchana na usiku, kwa hiyo msanifu mwangalifu wa mfumo wa mkono hushuka hadi kilo 5 au chini yake. Kilo 5 za samaki wanaolishwa asilimia 2 ya uzito wao hula gramu 100 kwa siku, na chakula hicho hutosheleza mita 2 hadi 2.5 za mraba za mchicha, sukumawiki au matembele. Anayejivunia wingi wa samaki katika tangi lisilo na kipuliza hewa anatangaza kasoro, hata kama anadhani anaonyesha ufundi.

Pampu na njia ya maji

Tuta la kokoto la kupandia mboga, lenye eneo la mita 2 za mraba na kina cha sentimita 30 hubeba lita 600 za kokoto, na kwa kuwa nafasi zilizo kati ya kokoto ni kama asilimia 40, hujaa kwa takriban lita 240 za maji, sawa na ndoo 12 za lita 20. Kwa pampu nzuri, mtu mzima huyainua maji hayo mita 1.5 kwa dakika mbili au tatu, hata nusu ya nguvu zake ikipotea katika msuguano. Kwa ndoo, kazi ileile huumiza mgongo, na kazi inayoumiza mgongo ndiyo inayorukwa kwanza siku ya pilikapilika. Katika pampu ya kamba, ambamo visahani vya mpira vilivyofungwa kwenye kamba hupandisha maji ndani ya bomba la plastiki, mkaguzi husimamisha mpini ghafla na kusikiliza: maji yakiporomoka yote papo hapo, visahani vimelegea; mpini ukiwa mzito hata bomba likiwa tupu, vimebana mno. Vipande vya shaba na mabati yenye zinki havifai popote maji yanapopita, kwa sababu metali hizo huwadhuru samaki.

Njia ya kutolea maji hutenganisha fundi na mwigaji. Siphoni ya kengele, yaani bomba lililofunikwa kopo ambalo huvuta maji yote tuta linapojaa, husifiwa sana, lakini huhitaji mmiminiko wa kasi isiyobadilika, jambo ambalo mkono hauliwezi. Bomba la wima lenye tundu dogo chini na mdomo wa kufurikia juu hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi: tuta hujaa kwa dakika chache, kisha hujitoa maji polepole, na kila maji yanaposhuka hewa mpya huvutwa kati ya mizizi. Kumwagilia kwa vipindi si upungufu. Mark McMurtry, aliyetafiti perege na matuta ya mchanga katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina miaka ya 1980, aliujenga mfumo wake juu ya utaratibu huohuo.

Kokoto

Kokoto bora zina ukubwa wa milimita 8 hadi 20 na haziathiri pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hutakiwa kuwa kati ya 6 na 7. Katika pwani ya Afrika Mashariki tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mawe mengi hutokana na matumbawe yenye chokaa. Jiwe kavu likidondoshewa siki na kutoa povu, lina chokaa, nayo itapandisha pH. Hapo amonia huzidi kuwa sumu kwa samaki na madini ya chuma hayanyonyeki, hata majani machanga yakawa ya njano huku vishipa vyake vikibaki kijani.

Ushahidi wa viumbe

Mfumo mpya hausomeki mapema, kwa kuwa bakteria huhitaji takriban wiki nne hadi sita kuenea. Baada ya hapo, mizizi myeupe huonyesha kwamba hewa inafika, na mizizi ya kahawia yenye utelezi huonyesha kinyume. Tuta lenye afya hunukia udongo mbichi, na tuta lenye harufu ya yai viza lina sehemu zisizopata oksijeni. Ukaguzi wenye uzito zaidi hufanywa alfajiri, wakati oksijeni imepungua kuliko saa nyingine zote. Perege wanaotwetea juu ya maji wanadai hewa, ilhali kambare anayepanda na kushuka hana shida, kwa sababu ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa ya juu.

Dosari inapogunduliwa, utaratibu wa kuirekebisha nao ni kipimo cha ujuzi. Mjuzi hupunguza chakula siku hiyohiyo, kisha hupunguza samaki, na baada ya hapo ndipo hufikiria kubadilisha vifaa. Anayeanza kwa kununua pampu kubwa zaidi ameongeza kazi ya mchana bila kuugusa upungufu wa usiku.