Jeneza la Mabua ya Mtama

Washairi wetu wanakipenda kifo. Fungua diwani yoyote ya Kiswahili, ya zamani au ya jana, utaona mauti hayako mbali. Kama si shairi zima, basi beti mbili tatu za mwisho, pale mtunzi anapojikumbusha na kutukumbusha kwamba dunia ni mapito. Nimeishi Tabora sehemu kubwa ya umri wangu, na katika misiba ya mji huu nimesikia mashairi ya tanzia mengi mno. Mengi yao niliyasahau kabla ya hitima. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana watunzi wake si wavivu: mizani imetimia, vina vimekaa, na huzuni yao ni ya kweli.

Sababu ya kwanza, nionavyo mimi, imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kinamrahisishia mno mtunzi wa kifo. Kaburini, ardhini, mchangani, duniani, peponi, hata mwanandani: yote yanaishia kwa -ni, na silabi hiyo haimgharimu mtunzi hata senti moja. Mshairi wa harusi hutoka jasho kutafuta kina. Mshairi wa msiba amekwisha andaliwa. Akiandika mshororo wa kwanza tu, ubeti uliobaki unajijaza wenyewe, na unajijaza kwa maneno yale yale yaliyomjaa mwenzake wa wiki iliyopita. Hapo ndipo marehemu anapoanza kutoweka. Ukibadili jina lake ukaweka la mwingine lenye mizani sawa, shairi halishtuki.

Sababu ya pili ni kwamba watunzi hawavitazami vitu wanavyovitaja. Chukua neno hili jeneza. Limetujia kutoka Kiarabu, na kwa Waislamu wa pwani, na wa Tabora vilevile, ni kitanda cha kubebea maiti. Hukaa msikitini, hutoka na maiti, likarudi tupu. Maiti mwenyewe huteremshwa na sanda yake tu, akalazwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, akawekewa kiunza, kisha udongo. Kwa Wakristo jeneza ni sanduku, lenye misumari na vishikio, pengine na kidirisha cha kioo upande wa uso. Hilo hununuliwa, na likienda halirudi. Neno ni moja, vitu ni viwili, wala havifanani kwa maana. Lile la kwanza ni mali ya wote, lilimbeba baba na litambeba mwana. Hili la pili ni la mtu mmoja, na kwa maskini huenda ndizo mbao nzuri za kwanza alizopata kumiliki.

Tazama basi utajiri uliolala hapo kwa mshairi mwenye macho! Walakini nilipata kusikia utenzi wa kumlilia mzee mmoja, Mwislamu safi, ambamo marehemu alipigiliwa misumari ndani ya jeneza akafungiwa milele. Na sisi tuliokuwa tukisikiliza ndio tuliolirudisha jeneza msikitini muda mfupi kabla. Hakuna aliyesema neno, maana msibani hapasahihishwi shairi. Lakini mtu akikosea kitu alichokibeba begani mwake asubuhi ile ile, utamwamini vipi anapokueleza habari za akhera, ambako hajafika?

Mzee wa mambo haya katika Kiswahili ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi karibu na mwanzo wa karne ya 19. Shabaha yake ni ile ile ya watunzi wote wa mawaidha, yaani kuutikisa moyo ulioshiba dunia. Tofauti ni kwamba yeye aliuona mji wa Pate. Matajiri wake wana mataa, vitanda, mito, watu wa kuwapepea. Na anapowapeleka kaburini hatuambii tu kwamba wamekufa, anatuonyesha wadudu wakifanya kazi yao, kisha anaturudisha katika majumba yao ambamo popo na ndege wa usiku ndio wapangaji. Nyumba na kaburi vinatazamana. Ukiisha kuisoma huwezi kuingia gofu lolote ukawa na amani. Nguvu yake iko katika kuvijua vitu, na mawaidha yanaingia yenyewe kwa mlango huo.

Hata hivyo Al-Inkishafi ni shairi la watu waliofia kwao. Kaburi lao liko karibu na nyumba yao, na ndiyo maana viwili hivyo vinaweza kutazamana. Sisi wa huku bara tumerithi tenzi za pwani bila kukumbuka kwamba mji wetu ni mtoto wa njia. Tabora, au Kazeh kama ulivyoitwa na wasafiri, ulikua katikati ya karne ile ile kwa sababu misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kwenda Ujiji, Karagwe au kusini. Watu waliojaza njia hiyo walikuwa wapagazi, na wengi wao Wanyamwezi. Wasafiri wa wakati huo, Burton akiwamo, waliandika juu ya mifupa ya wapagazi kando ya njia, watu walioshikwa na ndui wakaachwa. Hao hawakuwa na nyumba ya kutazamana na kaburi, na kaburi lenyewe hawakupata.

Na wanapita wamebeba nini? Nguo. Merikani, ile pamba nyeupe iliyotoka Marekani na kupewa jina la kwao, ilikuwa ndiyo fedha ya njia: kwayo walinunua chakula, kwayo walilipa hongo. Hiyo hiyo, nyeupe na isiyotiwa rangi, ilifaa sanda. Mpagazi aliyebeba robota la merikani alibeba sanda za kijiji kizima begani, na akianguka yeye, robota humhamia mwenzake, mwili ukabaki. Sijui kitendawili kikali kuliko hicho katika historia yetu, na kinamngoja mtunzi.

Iko safari moja ya maziko ambayo ilipita hapa hapa na ambayo, kama ningekuwa na kipaji, ningeiandikia utenzi wa beti mia tano. Daktari Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872, katika tembe ambalo baadaye limefanywa makumbusho. Aliondoka Agosti mwaka huo, na mwanzoni mwa Mei 1873 alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakaamua kumpeleka pwani. Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa Nasik huko India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gogo. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa wiki mbili hivi, wakaukunja miguu, wakauzungushia nguo. Kisha wakabandua gome la mti likiwa zima, mviringo kama bomba, wakauingiza humo. Juu yake turubai, juu yake lami. Wakaufunga kwenye mti wa kubebea, watu wawili wakaweka mabegani, mzegazega.

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa gome hilo. Ndivyo tulivyotengeneza mizinga ya nyuki siku zote katika miombo yetu, na ndivyo vilivyotengenezwa vilindo vya kuwekea nafaka. Jeneza la yule Mskoti lilikuwa kilindo. Waandishi wa Ulaya wameusifu sana uaminifu wa watu hao, na wanastahili. Lakini uaminifu peke yake haumfikishi maiti Bagamoyo. Ulihitajika ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa wa nyuki na mtama.

Walifika Unyanyembe Oktoba 1873. Hapo wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, akawashauri wamzike papo hapo yaishe. Wakakataa. Wakaendelea, na walipofika Kasekera habari zikatangulia kwamba msafara una maiti, wenyeji wakataka kuwazuia kupita. Ndipo walipofanya jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha. Waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya kwa nguo hata ukafanana na robota la kawaida la biashara. Halafu wakachukua mabua ya mtama, wakayafungasha kwa umbo la maiti, wakawapa watu wachache wayabebe kwa heshima zote kurudi Unyanyembe, kana kwamba wamekubali kwenda kuzika huko. Wenyeji wakaridhika. Usiku ulipoingia na wako mbali, wale watu wakayachomoa mabua moja moja, wakayatupa porini, wakatupa na nguo, kisha wakakata njia wakawafuata wenzao.

Fikiri, ndugu msomaji. Maiti amegeuka mzigo wa merikani ili aweze kupita. Mabua yamegeuka maiti ili yaliliwe. Maana yote ya jeneza imo humo: kwamba watu huheshimu umbo, na kwamba chini ya umbo panaweza kuwa na mtu au pasiwe na mtu. Hata mshairi wa mawaidha aliyebobea hawezi kubuni mfano wa kushinda huu, na huu ulitokea karibu na mlango wetu.

Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi na zaidi ya kilomita 1,600. Huko London waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma, wakauzika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Jiwe lake linasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu kupita nchi kavu na bahari. Chitambo ametajwa kwenye jiwe hilo, kwa sababu ya kijiji chake. Mikono haikutajwa ni ya nani. Ni maandishi mazuri, nakubali, yana mahadhi. Lakini yana ugonjwa ule ule wa tanzia zetu, sifa inayoweza kuvishwa mkono wowote.

Asidhani mtu kwamba nadai majina tu. Mwaka 1865 Walt Whitman wa Marekani alitunga shairi refu la kumlilia Rais Lincoln, ambaye jeneza lake lilipitishwa kwa treni kutoka Washington hadi Springfield, kilomita zaidi ya 2,600, mji hadi mji. Katika shairi zima hakumtaja Lincoln kwa jina. Lakini jeneza linakwenda, unaliona likipita mashambani na vituoni usiku, na mtunzi anaweka juu yake tawi la maua alilolivunja uani, na ua hilo linaendelea kunukia mpaka mwisho. Kinyume chake Shaaban Robert, katika kumlilia mkewe, analiita jina la Amina wazi, na jina hilo ndilo lililoubeba uzito wote. Mmoja ameficha jina, mwingine amelitangaza. Wote wawili wameshika kitu kimoja mkononi na hawakukiachia. Huo ndio upungufu wa tanzia zetu nyingi: zimeshika kila kitu.

Tulipomzika mama mdogo, miaka michache iliyopita, wanawe waliniomba nitunge shairi la kusoma siku ya arobaini. Sikuwa na haraka ya kukubali. Nilikuwa nimemsikia jirani yake, bibi mzee, akiingia uani siku ya kwanza na kumsemesha marehemu kwa Kinyamwezi kama mtu anayemgombeza. Alimwuliza bakuli lake lililoazimwa atamdai nani sasa. Akamwuliza nani atamgongea dirisha alfajiri maji yakitoka bombani, maana maji ya mtaa wetu hutoka saa za wizi. Akamwambia kwamba amekwenda bila kumaliza habari aliyoianza juzi, na habari yenyewe ilikuwa tamu. Watu walicheka, kisha wakalia kilio ambacho kaburini hawakulia. Hapakuwa na kina hata kimoja, wala neno dunia, wala neno mapito. Nikawaambia wanawe kwamba shairi la mama yenu limekwisha tungwa, mwombeni bibi ayarudie maneno yake. Hawakuridhika sana, walitaka kitu cha kupigwa chapa na kuwekwa katika fremu. Nikawaandikia habari za bakuli, kwa tarbia, kina cha mwisho -ri, na nilihangaika nacho usiku mbili.

Yawezekana kina kigumu ni dawa. Wale wanaosema vina na mizani vimeiua tanzia, na wanaotaka tuandike guni tupu, naona wanamlaumu punda kwa kosa la mpakiaji. Mtunzi wa Al-Inkishafi alifungwa na mizani na vina kila ubeti, na popo wake bado wanaruka.

Nikirudi kwa watu wa Kasekera, utenzi ninaoutamani usingeanza na Livingstone. Ungeanza na wale watu wachache usiku, porini, mzegazega begani, wakijua kwamba walichokibeba ni mabua. Je, walitembea kwa mwendo wa msiba hadi gizani, au walianza kucheka mara walipovuka nyumba ya mwisho? Nani alichomoa bua la kwanza? Na ungepaswa kumfikia Jacob Wainwright, aliyelifuata jeneza mpaka ndani ya Westminster, akarudi Afrika, na akafa mwaka 1892 hapa Urambo, magharibi ya Tabora.